UZI: Mbolea ya maji ya majani ya kuvundika, kwa sisi wa bustani za nyumbani Dar

Bustani Kibada (mleta mada)

Wakuu, kwema?

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya bustani. Mtu anakatakata majani, anayamwagia sukari, anafunika, wiki inayofuata anachuja maji ya kahawia na kutangaza kwamba mbolea ya dukani sasa basi. Maswali yamekuwa mengi, na majibu ninayoyaona ni ya aina mbili tu: wanaosema ni muujiza na wanaosema ni upuuzi. Mimi naitumia huku Kigamboni na siko upande wowote kati ya hizo mbili, kwa hiyo naweka hapa ninavyofanya, tuchambue.

Kwanza tutofautishe. Njia ziko mbili na watu wanazichanganya.

Njia ya sukari imetoka Korea Kusini, kwa mzee Cho Han-kyu na kilimo chake cha asili. Unachukua majani ya mmea unaokua kwa kasi na sukari isiyosafishwa sana, uzito sawa kwa sawa: kilo ya majani, kilo ya sukari. Sukari inavuta maji yaliyomo ndani ya jani, nayo yanatoka na mengine yaliyomo humo: potasiamu, amino asidi, pamoja na vichocheo vya ukuaji ambavyo viko kwa wingi kwenye ncha changa. Baada ya hapo hamira za asili na bakteria waliokuwa juu ya jani wanaanza kazi yao. Ndiyo maana majani hayaoshwi, na ndiyo maana hayachumwi mvua ikiwa imetoka kunyesha. Maji ya ziada yanaizimua sukari, na mchanganyiko unageuka pombe.

Mimi nachuma alfajiri kabla jua halijapiga. Mchicha pori, ncha za matembele, majani machanga ya maboga, mlonge, na yale machipukizi ya mgomba ambayo yangepunguzwa tu. Nakata vipande vya urefu wa kidole, napima kwenye mzani wa jikoni, nachanganya kwa mkono kwenye beseni mpaka majani yaanze kulowa, kisha nashindilia kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana. Theluthi moja ya juu naiacha wazi. Sukari kidogo naibakiza, naitandaza juu kabisa kufunika majani. Mdomoni nafunga kipande cha khanga kwa mpira. Kifuniko cha kukaza hapana, kwa sababu gesi inayotoka humo haina mchezo.

Kesho yake ukifunua, lile rundo lililokuwa limejaa limeshuka karibu nusu na chini kumejaa maji ya kijani iliyokolea, mazito kidogo. Siku mbili mbele viputo vidogo vinapanda pembezoni mwa kioo, na ukiinamisha sikio unausikia mchemko wake. Kwa joto la Dar, siku tano hadi saba zinatosha. Harufu inayotakiwa ni ya tembo la mnazi la asubuhi, tamu yenye uchachu. Nachuja bila kukamua kwa nguvu, naweka kwenye chupa yenye kifuniko kilicholegezwa, kabatini kwenye giza, au kwenye friji kama wenye nyumba wataridhia.

Kipimo ni mililita 20 kwa lita 10 za maji, yaani moja kwa mia tano. Miche michanga naipa nusu ya hapo. Mara moja kwa wiki, jioni, jua likiwa limepoa. Wenye pampu ya mgongoni ya lita 16, vijiko viwili vya chakula vinatosha. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza.

Njia ya maji ni ya kizamani na haina mbwembwe. Ufaransa bibi na babu wa vijijini wanafanya hivyo kwa jani moja linalowasha. Kilo moja ya majani kwa lita 10 za maji, basi. Hakuna sukari. Unakoroga kila siku, wiki moja hadi mbili, mpaka mapovu yaishe. Unachuja, unazimua lita moja kwa lita 10 za maji, unamwagilia shinani. Inanuka. Narudia, inanuka.

Karibuni kwa hoja.

---

Mwana Mbagala

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, uzi wa bustani bila picha ndiyo nini sasa?

---

Bustani Kibada

Picha jioni nikirudi, mkuu. Simu hii kamera yake inafanya kila jani liwe la bluu.

---

Bi Tegeta

Kaka, asante kwa darasa. Sasa niulize kama mama wa nyumbani: kilo ya sukari ni elfu tatu, niimwage kwenye majani ili nipate mchicha wa fungu la mia tano? Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipopanda tulikunywa chai kavu hapa, watoto wakaona kawaida. Leo nikionekana namimina kilo nzima kwenye magugu, mume wangu ataita kikao cha ukoo.

---

Bustani Kibada

Dada, hoja yako ndiyo udhaifu mkubwa wa njia hii na siibishii. Wakorea wenyewe waliliona hilo. Mtoto wa huyo mzee Cho, anaitwa Youngsang Cho, alianzisha mfumo wake mwaka 1991, unaitwa JADAM, na kwenye mbolea ya maji aliiondoa sukari kabisa. Anatumia majani, maji na konzi ya udongo mweusi wa chini ya miti, ule uliojaa majani yaliyooza.

Sukari guru ukiipata Kariakoo kwa bei nzuri inafaa kuliko nyeupe, maana ina madini zaidi. Molasesi ni rahisi zaidi, maduka ya vyakula vya mifugo wanayo, lakini kwa njia hii haivuti vizuri kwa sababu tayari ina maji ndani yake.

Kwa bustani ya nyumbani mimi natengeneza ya robo kilo tu. Kwa kipimo cha moja kwa mia tano, chupa hiyo inakaa muda mrefu mno. Anayetengeneza ndoo nzima ya njia ya sukari ama ana shamba la ekari, ama ana kiwanda cha sukari.

---

Bwanashamba Mstaafu

Nimeusoma uzi kwa makini. Mleta mada ameandika vizuri kuliko zile video, lakini niongeze hesabu, kwa sababu kilimo kisicho na hesabu ni ramli.

Jani la mchicha bichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Protini ni gramu 3 hivi kwa kila gramu 100. Asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, kwa hiyo kilo nzima ya majani ina gramu 5 hivi za naitrojeni. Urea, ile mbolea ya dukani, ni asilimia 46 naitrojeni. Gramu 5 hizo unazipata kwenye gramu 11 za Urea, sawa na kijiko kimoja cha chakula. Umenielewa? Kilo ya majani, kilo ya sukari, wiki ya kusubiri, na hata ukifanikiwa kutoa naitrojeni yote iliyomo, jambo ambalo haliwezekani, una kijiko kimoja.

Twende mbele. Mboga za majani kwa kawaida hupewa kilo 60 hadi 100 za naitrojeni kwa hekta. Hiyo ni gramu 6 hadi 10 kwa mita moja ya mraba. Tuta la mita moja kwa kumi linataka gramu 60 mpaka 100. Mililita 20 za maji yenu ndani ya keni ya lita 10 zina sehemu moja ya kumi ya gramu, nikikadiria kwa ukarimu. Pigeni wenyewe hesabu ya keni ngapi.

Sasa chukua samadi ya kuku iliyokauka na kuiva, ambayo ina naitrojeni ya asilimia 2 hadi 3. Nusu debe, kilo tano hivi, inabeba gramu 100 au zaidi. Si yote itakayopatikana msimu huo huo, lakini umeona tofauti ya ukubwa. Na samadi inabaki kwenye udongo kushika maji. Huko Kigamboni, Mbweni, Bunju, kwenye mchanga ambao ukimwagilia saa mbili asubuhi saa sita hakuna kitu, kinachokosekana kwanza ni mboji. Chupa ya kabatini haiwezi kuushika mchanga.

Sipingi watu kuvundika majani. Napinga kauli ya "tupa Urea". Kama unataka kulima bila mbolea ya chumvichumvi, na inawezekana kabisa, msingi ni mboji, samadi na kunde kwenye mzunguko. Hayo maji ni busta, yaani nyongeza tu.

---

Kijana wa Chanika

Mzee shikamoo. Hesabu nimeikubali, ila mbona sisi tunaotumia tunaona tofauti kwa macho? Nyanya zangu zikipigwa yale maji ya mlonge zinachangamka, majani yanang'aa. Au macho yanatudanganya?

---

Bwanashamba Mstaafu

Marahaba kijana.

Huenda macho hayadanganyi. Mlonge umepimwa na watafiti na majani yake yana zeatini, kichocheo cha ukuaji ambacho kinafanya kazi kwa kiasi kidogo sana. Vichocheo havihesabiwi kwa gramu kama naitrojeni. Kwenye hilo hoja yenu ina mashiko.

Lakini siku unayopiga dawa yako ndiyo siku unayokagua, unang'oa magugu, unamwagilia vizuri zaidi. Kipi kimefanya kazi? Ukitaka kujua, gawa tuta sehemu tatu, udongo mmoja, mbegu moja. Ya kwanza maji matupu. Ya pili maji yenye sukari kiasi kile kile. Ya tatu maji yako ya mlonge. Vuna, pima kwenye mzani, usiangalie rangi. Ile sehemu ya pili ndiyo watu wote huisahau, na ndiyo inayokuambia kama mlonge una kazi au ni sukari tu.

---

Bi Tegeta

Mzee amenisaidia kumjibu baba watoto. Mimi nachukua njia ya maji. Hiyo haina gharama zaidi ya pua.

---

Mluguru wa Mjini

Kwa njia ya maji, tafuteni alizeti mwitu, yale maua ya njano marefu. Ukipanda Uluguru yamejaa kando ya barabara, watu wanayafyeka kama takataka. Watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, walioyapima magharibi mwa Kenya walipata kwenye majani makavu naitrojeni asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4.1. Jani la porini hilo, hujalipalilia wala hujalimwagilia. Na linaoza haraka mno, siku chache tu limekuwa uji.

Mimi nikitoka nyumbani Morogoro narudi na kiroba kwenye basi. Konda ameshazoea.

Ila wakati mwingine hata sivundiki. Nayakata naya­tandaza chini ya hoho, nafunika na udongo kidogo. Ukishakuwa nayo ya kutosha, ndoo ni ya nini?

---

Bustani Kibada

Kweli kabisa mkuu, na hapo naongeza: makapi yanayobaki kwenye chujio, ya njia yoyote ile, yasitupwe. Sehemu kubwa ya ule utajiri wa jani imebaki humo. Mimi nayafukia kwenye lundo la mboji au kwenye mashimo ya migomba. Ya njia ya sukari usiyaweke shinani mwa mche moja kwa moja, sisimizi watakuja na ukoo wote.

---

Dogo wa Feri

Mnahangaika na majani wakati samaki wapo. Nenda soko la samaki la Feri mchana wakati wanapaa samaki, omba utumbo, mapezi na vichwa vidogo. Ukienda na ndoo yenye kifuniko na lugha nzuri utapewa, maana kwao ni uchafu wa kutupwa.

Huyo huyo mzee wa Korea ana njia ya samaki: uzito sawa samaki na sukari, unashindilia, unafunika kwa kitambaa, unaacha miezi mitatu hadi sita mpaka nyama iyeyuke ibaki mifupa. Inazimuliwa zaidi, moja kwa elfu. Mchicha unaipenda.

---

Bwanashamba Mstaafu

Huyu dogo ana akili. Kama mtu ameshaamua kununua sukari, basi aitumie hapo. Samaki ana protini gramu 15 au zaidi kwa gramu 100, kwa hiyo kilo moja ina naitrojeni mara tano ya kilo ya majani. Bado ni busta, lakini busta yenye kitu ndani.

---

Mwana Mbagala

Dogo hajawaambia habari ya paka. Jirani yangu aliweka ndoo ya samaki uani, paka wa mitaa mitatu wakafanya mkutano mkuu juu ya bati. Weka jiwe juu ya kifuniko, wakuu.

---

Mama Wawili Kimara

Habari zenu. Naomba msaada. Nimetengeneza ya sukari kwa majani ya maboga. Juu imeota ukungu mweupe, na pembeni kuna sehemu nyeusi yenye manyoya. Harufu ni kali inapiga puani. Nimwage?

Na swali la pili, mchicha niliomwagia ile ya kwanza umekuwa wa njano. Niliweka kikombe kizima kwenye keni ili ukue haraka.

---

Bustani Kibada

Dada, weupe peke yake hauna shida, unautoa kwa kijiko. Mweusi au kijani wenye manyoya, hasa na harufu ya kuoza, ipeleke kwenye mboji, usiimwagie mimea. Mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi: sukari ilipungua, majani yalikuwa na maji, au majani ya juu yalibaki yamechomoza nje ya juisi. Kwenye tatizo la tatu, weka jiwe safi au mfuko wa maji juu yake yazame. Kama ni harufu kali ya siki tu bila uozo, hiyo imevuka hatua lakini inatumika, ukizimua zaidi.

Ya njano namwachia mzee.

---

Bwanashamba Mstaafu

Mwanangu, kikombe kwenye keni ni kama moja kwa arobaini, zaidi ya mara kumi ya kipimo. Umewalisha vijidudu vya udongo sukari nyingi. Wakishiba sukari wanazaana, na kuzaana kunahitaji naitrojeni, wanaichukua ile ile ambayo mchicha ulikuwa unaitegemea. Wataiachia baadaye wakifa, lakini mchicha wa wiki nne hauna baadaye. Mwagilia maji matupu, weka samadi iliyoiva kidogo pembeni ya mistari, utarudi.

---

Mama Wawili Kimara

Asanteni sana, nimeelewa. Kumbe nilikuwa nawapikia wengine.

---

Kijana wa Chanika

Wakuu, kuhusu gugumaji. Limejaa kwenye madimbwi na mitaro, linakua haraka, ni la bure. Linafaa?

---

Mluguru wa Mjini

Inategemea limetoka wapi. Gugumaji ni fundi wa kunyonya, linanyonya na metali nzito kama risasi na kadimiamu. La bwawa safi la shambani sawa. La Bonde la Msimbazi na mitaro inayopokea maji ya gereji na viwanda, acha. Utakuwa unayakusanya yale uliyotaka kuyakimbia, unayaleta kwenye mchicha wako.

Na magugu ya kando ya barabara au uzio wa watu, uliza kwanza kama yamepigwa dawa ya kuua magugu.

---

Bi Tegeta

Na mwani je? Huku Kunduchi ukitupwa ufukweni unakaa tu unanuka.

---

Bustani Kibada

Unafaa sana, una potasiamu nyingi. Uoshe chumvi kwa maji baridi mara kadhaa, uweke njia ya maji. Lakini kama maji yako ya kumwagilia ni ya kisima chenye chumvichumvi, kama tulivyo wengi wa pwani, nenda polepole. Udongo ambao tayari una chumvi hauhitaji kuongezewa nyingine. Ukiona kingo za majani zinakauka kahawia, acha, mwagilia maji ya mvua kama una tenki.

---

Mwana Mbagala

Mimi naweka mwarobaini humo humo kwenye ndoo, inakuwa mbolea na dawa ya wadudu kwa pamoja. Kuua ndege wawili.

---

Bwanashamba Mstaafu

Hapo unapoteza vyote viwili. Kilicho kwenye mwarobaini kinachofukuza wadudu hakidumu, kinavunjika upesi ndani ya maji, na zaidi kwenye jua. Ukiuacha uchachuke wiki mbili umebaki na maji machungu. Mwarobaini unatwangwa, unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unatiwa sabuni kidogo ushike kwenye jani, unapigwa jioni hiyo hiyo. Ndoo yake peke yake.

Na mmea ulionyauka kwa ugonjwa, hasa nyanya yenye mnyauko wa bakteria, usiingie kwenye ndoo yoyote. Utakuwa unamwagilia ugonjwa.

---

Nesi wa Mtaa

Niingilie kidogo kwa upande wangu.

Moja, ndoo za njia ya maji. Ukiacha wazi unafuga mbu. Dengi ya 2014 na ya 2019 hapa Dar hatujaisahau, na mbu wake anapenda hasa vyombo vidogo vya nyumbani. Kipande cha chandarua juu, kifungwe vizuri pembeni. Na kinazuia nzi, kwa hiyo funza pia hamtawaona.

Mbili, mboga za kuliwa mbichi. Saladi, giligilani, nyanya za kachumbari: haya maji yamwagwe shinani tu, yasipigwe juu ya jani. Mtu akichanganya na kinyesi cha ng'ombe au kuku kwenye ndoo, kama wengine wanavyofanya, basi kwenye mboga mbichi asiitumie kabisa. Vimelea vya kuhara vinaishi humo vizuri tu.

Tatu, watoto. Chupa ya maji ya kahawia yenye harufu tamu, ndani ya friji, kwenye chupa ya soda. Jamani. Andikeni kwa maandishi makubwa.

---

Bustani Kibada

Nesi, asante, hayo yote nayaongeza kwenye bandiko la kwanza. Hilo la shinani ni muhimu hata kwa sababu nyingine: ukipiga ya sukari kwenye majani mara kwa mara unawaita sisimizi, na sisimizi wanawalinda vidukari wakamue utamu wao. Busta inageuka mwaliko.

---

Mpangaji Sinza

Nyie wote mna viwanja. Mimi niko chumba na sebule, viroba vyangu sita viko kwenye korido, na tuko wapangaji wanane uani. Hiyo ndoo inayonuka naiweka wapi? Mama mwenye nyumba alishaniuliza kama kuna panya amekufa.

---

Bustani Kibada

Kwa mazingira yako, ya maji sahau. Fanya ya sukari kwenye chupa ndogo ya kioo, haina fujo, harufu yake mtu atadhani unatengeneza juisi ya mapera. Viroba sita ni keni moja kwa wiki, vijiko viwili vya chai kwa lita tano.

Ukilazimika kufanya ya maji, tumia dumu la lita 20, jaza nusu tu, toboa kifuniko upitishe mpira mwembamba kama wa dripu, ncha nyingine uizamishe kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, harufu kubwa inabaki ndani. Usikoroge, tikisa dumu. Siku ya kuchuja ndiyo shughuli, fanya wenzako wakiwa kazini.

Na usisahau alichosema mzee. Kiroba chenye theluthi moja ya mboji nzuri kitakupa zaidi ya chupa yoyote. Ukishaupa udongo haki yake ndiyo uongeze hii.

---

Kijana wa Chanika

Nina wazo wakuu. Nikitengeneza ya mlonge kwa wingi, nikaweka kwenye chupa za nusu lita na lebo nzuri, nikauza kwenye maduka ya pembejeo kama busta ya asili? Wateja wapo.

---

Bwanashamba Mstaafu

Kijana, wazo la biashara si baya, lakini pole pole. Mbolea na visaidizi vyake vikiuzwa vinasimamiwa na TFRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti mbolea, kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Bidhaa inapimwa, inasajiliwa, ndipo iingie dukani. Ya kumwagilia bustani yako hakuna anayekuuliza. Ukiweka lebo na bei, umeingia kwenye sheria.

Halafu kuna la ufundi. Kilichomo kwenye chupa bado ni hai. Chupa iliyofungwa kwa kukaza, ndani ya duka la bati, mwezi wa pili, italipuka rafuni. Na kila mkupuo utakuwa tofauti: mlonge wa masika si wa kiangazi. Mteja wa leo atasifu, wa kesho atadai hela yake.

---

Mpangaji Sinza

Rafuni kwa watu! Mzee hapo umenimaliza 😂

---

Kijana wa Chanika

Nimekuelewa mzee wangu. Basi nauza miche yenyewe, hiyo haina msajili wala mlipuko. Hoho na nyanya chungu ziko kitaluni, nitaweka bei kwenye uzi wa biashara. Bi Tegeta na Mama Wawili, mkihitaji nawaletea mpaka Mbezi mwisho.

---

Bi Tegeta

Nyanya chungu niwekee ishirini, na zisiwe zimepigwa kikombe kizima.